Silvana na Maji Yaliyorudi Shimoni

Mtu akikwambia hakuna mwanamke aliyewahi kumshinda fundi pampu kwenye kazi yake mwenyewe, mlete hapa kwangu Kizwite nimwoneshe huyo fundi aliyeshindwa. Ni mimi, Isakwisa, mzaliwa wa Tukuyu, niliyekula miaka tisa kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya. Injini ikikohoa nilikuwa najua inaumwa wapi kabla sijaweka uji wangu chini. Nikashindwa na mama mmoja wa Kifipa ambaye hajawahi kushika spana. Jina lake Silvana, na kijiji kizima kilimwita Mama Beda. Wanangu hunitaka niisimulie habari hii wakiwa na hamu ya kunicheka. Acha wacheke. Mimi naisimulia kwa sababu nampenda yule mama, Mungu amlaze pema.

Ilikuwa mwaka 1975. Mkoa wa Rukwa ulikuwa mpya, na mimi nikapewa pampu ya dizeli na pipa moja la mafuta, nikaambiwa, nenda Kalundi. Kalundi kilikuwa kijiji cha ujamaa, maili ishirini na nane kutoka Sumbawanga. Watu wake walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uliotangulia, na walikuwa na jambo moja tu vichwani: zahanati. Wilayani waliwaahidi mabati, dawa na mganga, ila kwa sharti. Kuta zisimamishwe na wanakijiji wenyewe kwa matofali ya kuchoma, na ziwe zimesimama kabla mvua za Novemba hazijakolea. Zisiposimama, mabati yanapelekwa kijiji kingine, kwaherini.

Sasa matofali unachoma kwa nini? Ufipa juu kule hakuna miti, bwana. Ni majani, majani, majani mpaka macho yanachoka. Mwanamke alikuwa anatembea nusu siku kutafuta kuni za kuivisha maharage, sembuse za kuchomea matofali elfu ishirini! Bahati yao, kwenye ubavu wa kilima palikuwa na makaa ya mawe. Wakachimba shimo, futi thelathini na tano kwenda chini, na kweli wakayakuta, meusi, yanang'aa, unene wa mkono mzima. Siku ya tatu yakaja maji. Ndiyo maana niliitwa.

Silvana nilimkuta pale shimoni. Mama mfupi, mnene wa mabega, mjane wa miaka kama arobaini, na kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Alikuwa kiongozi wa msururu wa ndoo, yaani wale wanawake waliokuwa wakitoa maji kwa mikono na kuyamwaga pale pale ukingoni, kabla ya pampu yangu kufika. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kushuka ngazi, jioni wa mwisho kupanda. Nikamuuliza siku moja, "Mama Beda, huyo Beda mwenyewe yuko wapi, mbona haji kukusaidia?" Akanitazama, akaweka ndoo chini.

"Beda alikuwa na miaka sita," akasema. "Alishikwa na kichomi. Tukamweka kwenye machela tumpeleke Sumbawanga. Alinifia maili ya kumi na moja, Fundi. Zilikuwa zimebaki kumi na saba."

Kisha akainua ndoo yake na kuendelea na kazi. Hakulia. Mimi ndiye niliyegeuka nikajifanya natazama injini. Tangu siku hiyo nikajua zile kuta kwake si kuta tu. Ilikuwa habari ya maili kumi na saba.

Haya, turudi kwenye maji. Pampu yangu ilikuwa nzuri, msinisingizie pampu. Ikianza saa moja asubuhi, saa sita mchana shimo limebaki na maji ya magotini. Vijana wanashuka, wanapiga sururu, wanatoa makaa yaliyoloa debe tatu au nne, na maji yanapanda tena. Kesho yake asubuhi shimo limejaa vilevile. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi miwili. Pipa la dizeli linakwisha, naandika barua, naletewa jingine baada ya kuomba mpaka kuchoka. Agosti ikaisha. Tanuri limesimama tupu, na matofali mabichi yamepangwa mteremkoni, upande wa chini wa shimo, yamefunikwa majani, yanasubiri moto. Mvua ikiyakuta hivyo yanarudi kuwa tope.

Mimi nilikuwa na jibu langu. "Tumegonga mshipa," niliwaambia. Kule Chunya mshipa wa maji ukigongwa ndio basi, unaomba pampu kubwa zaidi au unahama. Niliwaeleza kwa mikono, kwa vijiti, nikachora chini mchangani. Wote waliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Fundi amesema!

Na maji yenyewe nilikuwa nayapeleka wapi? Sikilizeni vizuri hapa. Mteremkoni, upande wa chini, kulikuwa na matofali mabichi, kwa hiyo huko haiwezekani. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Alfonsi, mtu mrefu mwenye kofia ya TANU asiyoivua hata akiwa msalani, akasema maji yapandishwe juu, kwenye bustani ya kijiji, hatua arobaini tu kutoka ukingo wa shimo. Vitunguu na kabichi. Siasa ni kilimo, si ndivyo tulivyokuwa tukiimba? Ndege wawili kwa jiwe moja: shimo linakauka, bustani inanyweshwa.

Na bustani hiyo ililimwa Kifipa, kwa ntumba. Kama hujafika kule, ntumba ni vichuguu vya udongo vinavyofukiwa majani ndani yake, yaoze yawe mbolea. Uzuri wake ni kwamba maji yakifika hapo hayatoki. Hayatiririki, hayaondoki na udongo. Wafipa wanajivunia ntumba kama sisi wa Tukuyu tunavyojivunia migomba yetu. Wageni wa chama walipokuja, Mwenyekiti Alfonsi aliwatembeza pale kifua mbele. "Tazameni ndugu zangu, maji yote yale ya shimoni, na hakuna hata tone linalopotea!" Wakapiga makofi. Nami nikapiga makofi, mpumbavu mkubwa mimi.

Silvana peke yake hakupiga makofi. Alikuwa na ugonjwa wake wa kutazama vitu. Kila asubuhi akishuka, alikuwa anaweka alama ya mkaa kwenye ngazi, mahali maji yalipofika. Mimi nilidhani ni mchezo. Jumatatu moja akanijia nikiwa najaza dizeli.

"Fundi, shikamoo ya pampu yako. Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Jumapili tunakwenda kusali na pampu inalala, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi Jumatatu asubuhi maji yangetakiwa kuwa juu kuliko siku zote, maana hayakutolewa siku nzima."

"Ndiyo maana yake."

"Mbona yako chini? Jumatatu naziona kavu ngazi sita. Siku nyingine zote ni nne. Wiki tano sasa. Shimo lako linajaa zaidi tukilikausha, na linajaa kidogo tukiliacha."

Loo! Mngenisikia nilivyocheka. Vijana wote waligeuka. "Mama Beda," nikamwambia, "mambo ya mwamba si ya kuhesabu kwenye ngazi. Mshipa wa maji una tabia zake." Akacheka na yeye, lakini hakuondoka.

"Bibi yangu alikuwa na kisima kule kwetu tulikohama," akasema. "Alipoona kinapungua kiangazi, hakukichimba. Alilima ntumba mteremkoni, upande wa juu yake. Ntumba zinashika maji ya mvua, zinayanywa, halafu zinayatoa chini polepole, na kisima hakikauki mpaka Novemba. Chini ya udongo wetu huu kuna kokoto, Fundi. Ninyi mnasema hakuna tone linalopotea. Kweli halipotei. Linarudi."

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Maneno yote ya kunitosha nilikuwa nimepewa pale pale, bure, na mimi nikawasha injini ili nisimsikie.

Akayapeleka kwenye mkutano wa kijiji. Akasimama mbele ya watu akataka maji yasipelekwe bustanini wiki moja tu, tuone. Mwenyekiti Alfonsi akashtuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Wiki moja bila maji, vitunguu vikauke, na wageni wengine wanakuja mwisho wa mwezi? Thubutu! Kisha akanigeukia. "Fundi, wewe ni mtaalamu. Inawezekana haya?"

Nikasimama. Nilikuwa na shati jeupe siku hiyo, nakumbuka. Nikasema kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, "Shimo lile likikauka kwa akili ya ntumba, mimi Isakwisa nitabeba ndoo ya maji kichwani, kutoka mtoni mpaka kwenye tanuri, mchana kweupe, mbele ya wanawake wote!" Watu wakaangua kicheko, maana siku zile mwanamume kubeba maji kichwani, heri aitwe mwizi. Silvana naye alicheka, akafunga kanga yake vizuri.

"Wote mmesikia," akasema, akakaa.

Jumatano asubuhi nikamwona anakuja na nusu gunia kichwani. Chumvi. Kaka yake Zenon alikuwa akiteremka bondeni kule Ziwa Rukwa kuichukua na kuipandisha mlimani kwa miguu, na Silvana alikuwa ameitunza aibadilishe kwa ulezi wa kumfikisha mavuno. Chakula chake chote cha masika kilikuwa ndani ya gunia lile. Kwanza akashuka shimoni, akachota maji kwenye kibuyu, akakiziba, akanikabidhi. "Hiki ni cha leo. Kitunze mwenyewe, usije ukasema nimekuroga." Kisha akapanda juu bustanini, pale bomba langu linapomwaga, akaanza kuitia chumvi kwenye mfereji, kibaba kwa kibaba, maji yakaibeba yote yakazama nayo kwenye ntumba. Nilimtazama na kusema moyoni, mama wa watu amechanganyikiwa kwa ajili ya mtoto wake. Nikamwonea huruma, hebu fikirini, mimi nikamwonea huruma yeye.

Ijumaa asubuhi akanifuata na vikombe viwili vya bati. Kimoja amekimiminia maji ya kibuyu mbele ya macho yangu. Kingine amekichota shimoni sasa hivi, kinatona.

"Kunywa, Fundi."

Nikanywa cha kwanza. Maji, ladha ya udongo kidogo. Nikanywa cha pili.

Haikuwa chumvi kali. Ilikuwa chumvi ya mbali, kama mboga iliyotiwa chumvi na mtu bahili. Lakini ilikuwa chumvi, na ulimi hauna ubishi. Nikanywa tena. Nikaona jasho linanitoka, na kulikuwa na baridi ile ya Ufipa ya kukata masikio. Miezi miwili! Mapipa mawili na nusu ya dizeli! Nilikuwa nayavuta maji yaleyale kutoka shimoni, nayapandisha hatua arobaini, nayarudisha shimoni, halafu nayavuta tena, na jioni nanawa mikono nakwenda kula ugali wa watu kama mtu aliyefanya kazi. Niliona aibu. Nikakaa chini kwenye kokoto.

Silvana angeweza kunicheka. Kicheko alikuwa nacho tele. Lakini akachuchumaa mbele yangu, akasema taratibu, "Inuka, Fundi. Zimebaki wiki saba."

Tukaenda kwa Mwenyekiti. Akaonja, akatema. "Mmetia chumvi kwenye kikombe!" Silvana akamwambia, basi shuka mwenyewe ukaonje. Aka, si alikataa! Akasema ana mgongo. Wanawake wa msururu wa ndoo walikuwa wameshajaa mlangoni, wakaanza kuimba, na wimbo wenyewe ulitungwa pale pale, unamhusu mwanamume anayeogopa ngazi. Mwenyekiti Alfonsi akashuka futi thelathini na tano na kofia yake. Tukamsikia kule chini anafyonza kidole, anafyonza tena. Alipopanda uso ulikuwa umebadilika. Nampa heshima yake, hakuzunguka.

"Nani alisema hakuna tone linalopotea?" akauliza.

"Wewe, Ndugu Mwenyekiti," wakajibu kwa pamoja.

"Basi leo naamuru yapotee. Majembe yote nje!"

Kazi iliyofanyika kuanzia mchana ule sijawahi kuiona Chunya wala popote. Tulichimba mfereji wa hatua mia tatu, ukauzunguka uwanja wa matofali mabichi kwa mbali, mpaka bonde la mto. Wazee walichimba, Mwenyekiti alichimba, mimi nilichimba na malengelenge yakapasuka. Silvana akasema haitoshi, maji yaliyokwisha lala ndani ya ntumba bado yatateremka. Akatuonyesha mahali pa kukata handaki refu kati ya bustani na shimo, mpaka kwenye mwamba, upande wa shimo ukasindiliwa mfinyanzi kwa miguu, kama wanavyosindilia sakafu. Yakiteremka, yakutane na ukuta, yapinduke, yaende mferejini. Nilimuuliza alijifunzia wapi. "Kwenye kuzuia maji yasiingie nyumbani kwangu," akajibu, akanishangaa kwa kuuliza.

Siku ya tatu nikawasha pampu saa moja asubuhi. Saa nne bomba likaanza kukohoa, likavuta hewa. Nikazima. Nikasubiri. Kesho yake asubuhi Silvana akashuka wa kwanza kama kawaida yake, nasi wote tumeinama ukingoni. Akakaa muda mrefu. Kisha akapanda, akatoka, akainua mguu mmoja akauonyesha watu wote. Ulikuwa na vumbi jeusi mpaka kwenye kifundo. Vumbi! Mguu mkavu kutoka kwenye shimo lile!

Nyie! Vigelegele vilivyopigwa, mbwa walikimbia kijiji. Watu walikumbatiana, Mwenyekiti akavua kofia, na ndiyo siku pekee tuliyokiona kipara chake. Mimi nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto. Lakini nilipokuwa bado najifuta, nikaona wanawake wamenizunguka duara, na Agnesi, jirani yake Silvana, ameshika ndoo.

Nikaibeba. Mnadhani ningekimbilia wapi? Kutoka mtoni mpaka kwenye tanuri, mchana kweupe, na shati langu jeupe, maji yananimwagikia shingoni, na nyuma yangu kijiji kizima kinaimba. Nilimwaga nusu. Silvana alitembea kando yangu njia nzima, akinielekeza, "Shingo wima, Fundi, usitazame miguu." Nilipofika akanitua ndoo yeye mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo. Kuanzia siku hiyo mimi nilimwita yeye Fundi, naye aliitika bila aibu yoyote.

Baadaye shimo lilikuwa likivujisha maji ndoo ishirini tu kwa siku, basi, na wanawake waliyamaliza kabla ya chai. Dizeli iliyobaki ilikaa mpaka ikaota vumbi. Makaa yalipanda debe kwa debe, makavu, na wiki ya pili ya Oktoba tanuri likawashwa. Liliwaka siku tano. Matofali yalitoka mekundu, ukiyagonga yanalia. Matuta mawili ya vitunguu yalikufa kwa chumvi, na Mwenyekiti aliyataja kwenye kila mkutano mpaka nilipohama. Ulezi wa Silvana nao haukukosekana: kila kaya ilimletea kibaba, mpaka akawa anawafukuza watu mlangoni. Tarehe kumi na nane Novemba mvua ya kwanza kubwa ilizikuta kuta zimesimama, zikanawa tu.

Mabati yakaja, wakaezeka. Januari akaja mganga, kijana wa kutoka Mbeya, na sanduku la dawa. Siku hiyo ilikuwa inanyesha. Silvana alisimama mlangoni kwake, akaanza kutembea kwenda zahanati anahesabu hatua kwa sauti. Mimi nilikuwa barazani pale nasaidia kupakua. Nikamsikia anafika: "Mia mbili na kumi na tatu. Mia mbili na kumi na nne." Akaweka kiganja chake kwenye ukuta, akakaa kwenye ngazi, na ndipo nikamwona analia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Tulimwacha alie anavyotaka.

Hata hakumaliza. Agnesi alikuwa anakuja anakimbia kwenye matope, anapiga kelele kwamba mtoto wake Kristiana kifua kimembana tangu alfajiri, hapumui vizuri, anaungua moto. Miaka mitano, yule mtoto. Silvana akasimama, machozi yako usoni bado. "Isakwisa!" akaniita kwa jina, hakuwahi kabla. "Una miguu mirefu. Kimbia ukamlete, mimi nakwenda kumwandaa mganga."

Nikakimbia. Nikamtoa mtoto kitandani, nikamfunika koti langu, nikamshika kifuani. Alikuwa mwepesi, na nilikuwa nasikia kile kifua kinavyokoroma juu ya changu. Sikuhesabu hatua, lakini najua zilikuwa chache. Silvana alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameinyoosha, mvua inamnyeshea. Akampokea, akaweka sikio lake kwenye mdomo wa mtoto, akasikiliza. Kisha akageuka akapaza sauti, ikasikika mpaka kule shimoni.

"Amefika! Jamani, amefika anapumua!"